Masanduku Mawili ya Shimo la Saba

Kwenye banda la mawe walimwita Rula, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Walimpa wachorongaji, watu wasiosifu kitu bure, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemkuta na kosa. Mashine ilichoronga ardhini, ikitoboa tundu jembamba, ikatoa mwamba katika miche mirefu, minene kama mche wa sabuni, naye Rula akaipanga kwenye masanduku kwa mfuatano uleule iliotoka nao. Kila mita moja aliweka kibao kidogo chenye namba ya kina. Wajiolojia hawaoni chini ya ardhi, hata wavae miwani minne. Wanachokiona ni masanduku ya Rula tu.

Walikuwa wakitafuta mshipa wa dhahabu uliochanganyika na risasi na zinki, na shimo la saba likaupata. Bandani siku ile watu walikumbatiana hadi wasiosalimiana. Rula naye furaha ikampanda kichwani. Badala ya kubeba sanduku mojamoja, kama alivyowafokea wenzake miaka yote, akabeba mawili kwa mpigo. Kisigino kikateleza kwenye tope la msumeno wa mawe, masanduku yote mawili yakaenda chini, mawe yakatawanyika sakafuni.

Hakuna aliyeona. Afadhali angeonekana. Angetaniwa siku mbili tatu, shimo lingechorongwa upya, na maneno yangeishia hapo. Lakini Rula alikuwa ameshazoea kusifiwa, na sifa zilikuwa zimemwingia damuni. Akapiga magoti akaanza kuyapanga. Mawe magumu hayakumpa shida, maana mche ukivunjika, ncha yake hukubaliana na ncha moja tu duniani. Shida ilikuwa mita moja na nusu ya mwamba uliooza, udongo wa kijivu unaonata, usiokubaliana na chochote. Uozo wa namna ile mara nyingi hukaa ubavuni mwa mshipa. Basi akauweka huko, kwenye sanduku la pili, mita ya sabini. Ukakaa vizuri. Mjiolojia mkuu akaja, akapiga picha, akaandika.

Siku ya tatu, akifagia, akakuta chini ya meza kibao chenye namba sitini na moja, kimegandwa na udongo uleule wa kijivu. Kumbe uozo ule ulikuwa mita tisa juu zaidi. Akakisugua kile kibao kwa kidole gumba, akakitazama weee, kisha akakitia kwenye jiko la chai. Akajiambia kwamba mita tisa si kitu, ni karatasi tu, na nani aliwahi kufa kwa karatasi.

Wiki mbili baadaye kampuni ikaamua kuchimba shimo la watu kushuka, ubavuni mwa lile la mashine, ili waufikie mshipa wenyewe. Wachimbaji wakaajiriwa, na mmoja wao alikuwa mdogo wake Rula, wa tumbo moja, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Rula mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi, kabla hajajua watachimba wapi. Mpango ulisema mwamba ni mgumu hadi mita sitini na nane. Wakifika hapo ndipo wafunge magogo ya kuzuia kuta na kushusha pampu ya maji.

Kila jioni mdogo mtu alipitia kwa kaka yake kunywa chai, akitaja kina walichofikia. Leo thelathini, kaka. Leo arobaini na tatu. Alikuwa anajivunia, masikini. Rula chai ikawa haipiti kooni, mkewe akadhani ni vidonda vya tumbo, akamnunulia dawa, naye akazinywa ili asiulizwe. Siku mdogo wake alipotaja hamsini na tisa, Rula akaona sasa basi.

Ijumaa asubuhi akaenda ofisini kwa mjiolojia mkuu, mama mmoja waliyemwita Mama Nyundo, maana nyundo haikumtoka kiunoni.

"Mama, masanduku ya shimo la saba nilikosea," Rula akasema. "Uozo uko sitini na moja, si sabini. Simamisha watu."

"Wewe, Rula? Wewe hukosei. Picha hizi hapa."

"Ulipiga picha nimeshayaangusha na kuyapanga."

"Una kitu cha kunionyesha?"

"Kulikuwa na kibao. Nilikichoma."

Mama Nyundo akavua miwani, akamtazama kwa huruma. "Mdogo wako yumo mle chini, sivyo? Nakuelewa, mzee wangu. Hata mimi ningehangaika. Lakini siwezi kusimamisha kazi kwa hofu ya kaka mtu. Jumatatu nitakuja bandani, tuyafungue masanduku pamoja."

Kutoka mlango wa ofisi hadi mdomo wa shimo ni hatua mia mbili. Wanaume wanane walikuwa wamekaa pale wakifunga kamba za buti. Jamani, angesimama tu mbele yao akasema. Maneno matano yangetosha. Aliona aibu, hakuna kingine, aibu tupu ya mtu mzima. Akamwita mdogo wake pembeni.

"Leo bado hamjafika pabaya. Kesho usishuke. Sema unaumwa."

"Kuna nini, kaka?"

"Ukuta utamwagika. Mawe nilikosea kupanga."

"Na wenzangu?"

"Mkubwa ameshaambiwa. Wewe usimwambie mtu."

Mdogo wake akarudi kufunga kamba za buti. Maisha yake yote hakuwahi kumbishia.

Jumamosi nafasi yake ikachukuliwa na kijana wa zamu nyingine, waliyemwita Tarumbeta kwa kicheko chake. Saa nne ukuta ukaachia, maji na tope la kijivu vikaingia pamoja. Chini walikuwa watatu, na wawili waliwahi kamba. Tarumbeta alitolewa Jumatatu.

Uchunguzi ukasema kosa ni la mlima, hakuna mtu aliyejua. Baada ya mazishi mama yake Tarumbeta akatuma watu wamwite Rula. Alimkuta peke yake chumbani, amekaa kwenye kitanda cha mwanawe kisichotandikwa.

"Baba, nimekuita kwa sababu wewe hudanganyi," mama akasema. "Kweli hakuna aliyejua?"

Rula akabaki amesimama. "Mimi nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu hawajaanza kuchimba. Nilimwambia mkubwa Ijumaa, hakuniamini."

"Na nani mwingine?"

"Mdogo wangu."

"Yeye akakuamini."

"Ndiyo."

Mama akapangusa uso kwa kiganja, polepole. "Mwanangu alipita bandani kwako asubuhi ile?"

"Alipita. Alikuwa amebeba kofia yake mkononi. Akanipa shikamoo."

"Nawe ukamjibu?"

"Nikamjibu marahaba."

Mama hakulia. Akamwambia aende sasa hivi, apitie mlango wa nyuma, kwa sababu wanawe wengine walikuwa njiani kurudi na yeye hana nguvu za kuwazuia.