Viatu vya Jumatatu

Wanafunzi walimwita Wino Mwekundu, na hawakukosea. Mwalimu yule angekukata alama kwa nukta iliyokaa vibaya, kisha akalala usingizi mnono. Wasichokijua ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na daftari ambalo halijawahi kuonwa na mtu.

Aliliandikia jikoni kila alasiri, kabla mume hajarudi, sufuria ikichemka na mtoto akiuliza maswali. Siku nyingine kurasa tatu, siku nyingine mstari mmoja. Ilikuwa hadithi ya mwalimu, mke wa mtu, anayeamka Jumatatu, anavaa viatu vyake vyeusi, anambusu mtoto na harudi tena. Mara mbili alitaka kulichoma akashindwa. Humo tu ndimo alimokuwa yeye, si mama wa fulani wala mke wa fulani.

Jumapili mamamkwe wake, aliyeishi nao, alijitolea kumvalishia mjukuu madaftari majalada ya kaki. Mama yule hajui kazi nusu. Alivalisha kila daftari lililokuwa mezani, hata yale ya kidato cha pili yaliyoletwa kusahihishwa.

"Sasa yanapendeza, mwanangu," alisema.

"Ahsante, mama," mwalimu alijibu kutoka bafuni, bila kujua anashukuru nini.

Asubuhi viatu vyake vyeusi havikuonekana. Alitafuta uvunguni, akatafuta nyuma ya mlango, jasho likimtoka.

"Unaongoza darasa zima, viatu viwili vinakushinda?" mume alimtania.

Akavaa kandambili zenye mkanda uliolegea. Mlangoni binti yake wa miaka minane alimng'ang'ania mkono, hataki kumwachia. Mwalimu alidhani ni deko la Jumatatu, akajinasua.

Shuleni alikabidhi rundo la madaftari kwa makamu mkuu, aliyetaka kuyakagua. Wakati wa mapumziko akafungua mkoba wake kutafuta daftari lake. Halimo. Ndipo akakumbuka kaki, na kwamba jana alikuwa ameliacha mezani. Lilikuwa ndani ya rundo, limevaa sare kama mengine.

Alikimbilia ofisini, akakuta makamu kaenda kikao na mlango una kufuli. Vipindi vitatu alifundisha bila kujua anafundisha nini. Chaki ilimvunjikia mkononi. Aliogopa kufukuzwa, akaogopa mume kuitwa, akaogopa zaidi mamamkwe kusimuliwa na majirani. Saa tisa akaitwa.

"Mwalimu, nimesoma," makamu alisema, hamtazami usoni. "Nimesikitika."

"Ni hadithi tu, mkuu. Naomba unisikilize."

"Hadithi gani? Umempa mtoto wa watu alama nne kati ya ishirini! Punguza ukali, mama."

Mwalimu aliomba kuyahesabu. Yalikuwa arobaini na mawili, yote ya wanafunzi. Alirudi nyumbani akikaribia kukimbia, kandambili zikimpiga visigino, kwa kuwa sasa palibaki mahali pamoja tu.

Mamamkwe alikuwa uani anaanua nguo, anaimba. Hakuonyesha kujua lolote. Chumbani binti alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, mkoba wa shule umetuna mapajani. Juu yake palikuwa na daftari la kaki, limefunguliwa.

"Bibi alilichanganya na yangu," alisema. Kisha akafungua mkoba taratibu. Viatu vyeusi vilikuwemo, vimefungwa kwa sweta. Siku nzima alikuwa amevibeba shuleni.

"Kwa nini, mwanangu?"

"Leo ni Jumatatu."

Mwalimu akapiga magoti. "Yule si mimi. Ni mtu wa kubuni tu."

"Mbona mtoto wake ana kovu la goti kama langu?"

Mtoto alichomoa kalamu, akaiweka mkononi mwake, akafunua ukurasa mtupu.

"Andika anarudi, mama."

Aliinamisha kichwa aandike. Neno lenyewe ni moja, la darasa la kwanza. Mtoto alisimama begani akisubiri, ameshika viatu kwa mikono miwili, na kalamu ya Wino Mwekundu ikasimama juu ya karatasi, kwa sababu kwa mara ya kwanza alijiuliza kama neno hilo ni kweli.