Wiki Tatu za Kumsubiri Mjomba

Mama yangu aliuza mitumba Tandika, na sauti yake ilikufikia kabla hujaliona turubai lake. Wenzake walishanunua spika zile ndogo za betri, unarekodi mara moja inapiga kelele mpaka jioni. Yeye alizicheka. "Mteja akisema gauni limepauka, hiyo spika itamjibu nini?" Kisha anapanda kwenye benchi, gauni mkononi: "Dada mwenye haraka, usipite kama hujaniona! Hili limevaliwa kanisani tu, halijui dhambi!" Mtu akilikagua akakuta limefumuka ubavuni, anajibiwa hapohapo: "Limefumuka kwa kucheka, mama, na wewe ukilivaa utacheka." Wapo waliokuwaga wanasimama kumsikiliza tu, hawanunui, wala hakuwachukia.

Mie nilikuwa nasuka nywele barazani kwetu Mbagala. Shule niliishia kidato cha nne, na matokeo yangu tusiyazungumze. Ila ndoto nilikuwa nazo kubwa kuliko vyumba vyetu viwili: saluni ya vioo pande zote, viti vinavyozunguka, mama ameketi mapokezi akiwatania wateja. Hata rangi ya ukuta nilimwambia. Akasema, "Anza na kitana kisicho na pengo."

Kikohozi kilimwanza taratibu. Akapimwa kifua kikuu, hana. Akapewa dawa za maji, akazimaliza, akapewa nyingine. Maisha yake yote hakuwahi kuvuta sigara, kwa hiyo lile jambo lenyewe hakuna aliyeliwaza. Mwishowe akapelekwa hospitali kubwa, wakapiga picha, wakaona uvimbe kwenye pafu la kushoto. Wakaingiza sindano ndefu, wakatoa kinyama kidogo cha kupima.

Siku ya majibu mama alikataa kwenda. Belo jipya, lile furushi la nguo za mnada, lilikuwa linafunguliwa asubuhi ile, na muuza mitumba hakosi kufungua belo, maana nguo nzuri zinaondoka saa ya kwanza. Tukaenda mie na mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, mwanamke anayejua taratibu zote za ukoo, nani aanze kula na nani aambiwe nini kwanza.

Daktari alikuwa dada mdogo tu, labda ananizidi miaka michache. Alimwamkia mama mdogo shikamoo, akauliza mgonjwa yuko wapi. Mama mdogo akamwambia mgonjwa ana kazi, sie ndo mgonjwa. Daktari akasita, lakini mama mdogo ukimsitia anazidi kukaa. Basi akatuambia. Saratani ya pafu.

Nakumbuka niliangalia viatu vyake. Vilikuwa vyeupe, vina kidoa cha chai.

Akasema bado kuna jambo la kufanya, na lifanywe sasa hivi. Uvimbe una vinasaba vyake, na vinasaba hivyo huwa vimebadilika. Kuna badiliko moja ambalo huonekana zaidi kwa watu kama mama, wanawake wasiovuta sigara. Likionekana, mgonjwa haanzi na dripu za saratani, anapewa kidonge kimoja kila siku, na wengi wanapata nafuu upesi. "Zamani kinyama tulikuwa tunakipeleka nje ya nchi," akasema. "Wiki sita hivi ndo majibu yanarudi. Siku hizi mashine iko hapahapa. Siku mbili tu. Na dawa ipo."

"Basi pima, mwanangu," akasema mama mdogo.

"Nitapima, mama. Ila lazima mgonjwa mwenyewe ajue anaumwa nini, aridhie, atie saini." Akanipa karatasi.

Mama mdogo akaiangalia ile karatasi mkononi mwangu kama nimeshika kaa la moto. "Daktari, sie watu wa Newala. Dada yangu hana mume, lakini ana kaka. Kwetu neno kama hili halimfikii mtu kabla halijapita kwa kaka yake. Na ukimtajia dada ugonjwa huo leo, kesho tunazika. Jina lenyewe linaua."

"Huyo kaka atakuja lini?"

"Upesi."

Tulipotoka tulimpigia mjomba palepale kwenye korido. Mama mdogo akamtajia ugonjwa tu. Akasema korosho zake ziko chini, hajaokota hata nusu, mvua ikizikuta ndo mwaka umekwisha. Apewe wiki moja. "Msimwambie kitu mpaka nifike."

Jioni mama alirudi na gauni la kijani alilonichagulia kwenye belo. Akauliza daktari kasemaje. Mama mdogo akajibu haraka kwamba ni maji tu kwenye pafu, dawa yake inaagizwa. Mama akaniangalia mie. Nikalisifia gauni.

Sasa niseme ukweli wangu, maana ndo sababu ya kuandika haya. Sikusubiri kwa kumwogopa mama mdogo peke yake. Nilipiga hesabu zangu. Zamani wiki sita, sasa siku mbili. Kwa hiyo mjomba akichukua wiki, bado tuko mbele. Akichukua mbili, bado tuko mbele. Nilijiona tumepewa muda wa ziada, kama mtu aliyepata njia ya mkato akaona anaweza kukaa kwanza kunywa chai. Ule wepesi wa mashine ndio ulionifanya nilegee. Karatasi niliikunja nikaiweka kwenye mkoba wangu, katikati ya paketi za rasta, na nilikuwa nalala vizuri tu. Nilishaanza kuwaza siku dawa itakapokuja, mama anameza kidonge chake, anafuta mdomo, anapanda benchi.

Wiki ya kwanza ikapita. Mjomba akasema bado kidogo, vibarua wamemkimbia. Daktari alinipigia nikiwa na kichwa cha mteja magotini.

"Mmefikia wapi, dada?"

"Bado kidogo tu, dokta. Mjomba yuko njiani."

"Mama anaendeleaje?"

"Yupo sokoni!" nikamwambia, kwa furaha kabisa.

Wiki ya pili sauti ikaanza kukwaruza. Tukampa tangawizi, tukampa asali. Mama mdogo akamgombeza kwamba anapayuka mno, apumzike. Nilimpelekea chakula Jumamosi moja, nikamkuta juu ya benchi na koti la mtoto mkononi. "Haya jamani, baridi la Makambako hilo linakuja..." Ikaishia hapo. Mdomo ulikuwa unaendelea, sauti haipo. Akakohoa, akajaribu tena, kikatoka kitu kama mlango unaoburuzwa.

Jirani yake muuza viatu akapiga kelele, "Wee, mama lao kameza chura leo!"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, akainama akamnong'oneza, "Huyu chura naye kaja kuchagua gauni." Muuza viatu ikabidi ayarudie kwa wengine, maana hawakusikia. Wakacheka tena. Mama akashuka kwenye benchi akakaa, na mie nilimjua, hakuwahi kukaa mchana. Usiku ule nikamwambia mama mdogo tumwambie. Akasema, "Umengoja siku zote hizo, sasa mjomba yuko kwenye kupakia magunia, unataka umdharaulishe?" Ningeweza kusimama, nikavuka chumba, nikamwambia mama yangu. Zilikuwa hatua nne.

Mjomba alifika baada ya wiki tatu kasoro siku moja. Mtu mrefu, mikono imebanduka ngozi kwa mafuta ya korosho. Mama akamsalimia kwa mnong'ono, na mjomba akageuka kutuangalia sie.

"Sauti yake iko wapi?"

Mama mdogo akamvuta barazani, akamweleza yote kwa heshima, akamalizia kwamba hatujagusa kitu, tulikuwa tunamngojea yeye aruhusu.

"Niruhusu nini?"

"Kipimo, kaka. Na yeye kuambiwa."

Mjomba alikaa kwenye kigoda changu cha kusukia. "Mie nilidhani mnanisubiri nije nimshike mkono wakati anaambiwa. Mlikuwa mnasubiri ruhusa? Ya kupimwa?" Kisha akasema, polepole, "Na mie nikaokota korosho."

Akaingia ndani. Aliongea naye Kimakonde, ambacho mie nakisikia kwa mbali tu, kama redio ya jirani. Haikuchukua muda. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikisubiri kile mama mdogo alichotuaminisha, kwamba ataanguka, atafia palepale. Mama akanitazama, akaonyesha kwa vidole: kalamu.

Majibu yalitoka baada ya siku mbili. Daktari hakutudanganya hata kwa saa. Badiliko lilikuwepo. Kidonge kilikuwepo. Ndani ya mwezi kikohozi kilitulia, akaanza kumaliza sahani ya ugali, akaacha kulala amekaa. Nilikuwa na haki ya kufurahi, na nilifurahi, nilicheza peke yangu jikoni. Ila sauti haikurudi.

Nilimuuliza daktari pembeni. Akaniambia uvimbe ulikuwa umeubana mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, ukaubana mpaka ukafa.

"Tungekuja ile wiki ya kwanza?"

Alifikiri. Namshukuru kwamba alifikiri. "Siwezi kukuapia. Lakini siku mliyokuja, alikuwa anaongea."

Mama alirudi Tandika. Nikafunga baraza langu siku za belo, nikawa napiga kelele badala yake, naye anakaa chini ananipa maneno kwa mnong'ono. Nikiyasema mie hayachekeshi. Yalikuwa yaleyale, lakini yalichelewa. Kwanza anasema yeye, kisha nasikia mie, kisha nayasema, na mteja ameshapita. Baada ya miezi miwili tukanunua spika. Aliichagua mwenyewe, akairekodisha kwa muuza viatu, na hakuitazama ilipokuwa inalia.

Jumapili moja nilikuwa namsuka. Alikuwa ameelekea ukutani, nimeshika kichwa chake, akaniuliza bila kugeuka, "Zile wiki, mlikuwa mnanionea huruma au mlikuwa mnaniogopa?"

Nikasema, "Tulikuwa tunamsubiri mjomba."

"Mjomba wako hakuwa anaumwa." Akanipa kitana. "Na mie nilikuwa nipo. Kila siku nilikuwa nipo."

Niliendelea kusuka kwa sababu mikono inajua yenyewe. Mistari yote ya upande ule ilienda kombo, nikamfumua, nikaanza upya, naye akakaa tu akaniachia kichwa.

Kidonge kilimpa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Daktari alishatueleza mapema, mbele ya mama mwenyewe safari hii, kwamba uvimbe una tabia ya kuzoea dawa. Ulipozoea, kikohozi kilirudi kama mtu anayerudi nyumbani kwake. Tukaenda hospitali, mama na mie. Daktari alianza kunieleza mie, labda kwa sababu mie ndiye mwenye sauti. Nikamwambia, "Dokta, samahani. Muulize mwenyewe."

Akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana. Akamwambia kinaweza kutolewa kinyama kingine, kiingie kwenye mashine, wajue uvimbe umegeuka vipi. Kama umegeuka kwa namna fulani, kuna kidonge kingine wanaweza kukitafuta. Majibu ni siku mbili, kama mwanzo. Kama haukugeuka hivyo, zimebaki dripu.

Mama akauliza, "Sindano ni ileile?"

"Ileile, mama."

"Na nisipotaka?"

Daktari akamjibu bila kuzunguka. Atapewa dawa za maumivu na za kumsaidia kupumua, na muda hautakuwa mrefu.

Mama akanigeukia. Kinywa changu kilikuwa kimejaa. Siku mbili tu, mama! Siku mbili ni nini? Nilikuwa tayari kumpigia magoti, nilikuwa tayari kumtolea mashairi ya juu ya benchi. Daktari naye alikuwa ananiangalia, nadhani akitumaini nitasema. Nikauma meno.

"Sitaki," mama akanong'ona. "Nimechoka kuchomwa. Nataka nyumbani."

"Una uhakika, mama yangu?" daktari akauliza.

"Umeniuliza, nimekujibu."

Alifariki wiki ya tano baada ya hapo, mchana, nyumbani Mbagala, mjomba amemshika mkono. Kwamba kidonge cha pili kingemfaa au kisingemfaa, sijui, na hakuna mashine itakayoniambia.

Siku ile tulipotoka kwa daktari nilitaka kwenda moja kwa moja getini nikatafute bajaji. Mama akanivuta kwenye benchi la nje, penye kivuli cha ukuta. Akaniambia nilie hapohapo nimalize, kwa sababu tukifika nyumbani mama mdogo atanisoma usoni, na hiyo habari anataka aitoe yeye mwenyewe.

Nikalia. Alikaa pembeni yangu, faili lake mapajani, akanisubiri mpaka nikamaliza.