Dawa Juu ya Mafiga

Mdogo wangu Dorkasi ana kifafa tangu utoto, lakini vidonge vilikuwa vimemtuliza. Aliolewa Mbulumbulu na Wilibrodi, akalima, akafuga, na hakuna jirani aliyewahi kumwona ameanguka. Masika haya akaanza kuanguka tena. Mara ya mwisho aliangukia motoni, mkono wa kushoto ukaungua wote.

Unajua mumewe alifanya nini? Alimrudisha kwetu Endabash na begi lake, akamwambia baba kwamba mkewe anatupa dawa, na yeye hawezi kuishi na mwongo. Dorkasi alilia akasema anakunywa kila jioni. Hata baba hakumsikiliza. Mimi nilikasirika. Nilimwambia Wilibrodi mke si mbuzi wa mnadani, kwamba akiugua unamrudisha.

Nikachukua vidonge vilivyobaki, nikampelekea binamu yetu Emilian, anayepima dawa maabara huko Arusha. Alijaribu kukivunja kimoja kwa kijiko, kikagoma. Akakisaga, akaweka unga kidogo kwenye mashine inayopandisha joto polepole. Akanieleza kwamba kila umbo la dawa lina joto lake la kubadilika. Hii ilibadilika mapema mno, maji yakaanza kuitoka, na kidonge kisichoharibika hakina maji ya kutoka. Ilikuwa imenyonya mvuke, chembe zake zikajipanga upya na maji ndani yake. Dawa ya namna hiyo huwa ngumu, tumboni haiyeyuki vya kutosha. Akauliza inawekwa wapi.

Nilipajua. Masika yalipoanza, Wilibrodi mwenyewe aliitoa kwenye kopo lake, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka darini juu ya mafiga pamoja na mbegu za mahindi. Kwetu kitu cha thamani hukaa hapo, kwenye moshi, kisiliwe na wadudu. Na chini yake makande yanachemka kutwa! Halafu mwongo ni mdogo wangu.

Nilirudi nikayasema yote mbele ya baba, na habari zikamfikia Wilibrodi. Jumapili akaja amevaa koti, na kopo la dawa mpya mkononi. Akasema kumbe dawa ndiyo iliyoharibika, kwa hiyo yameisha, twende nyumbani.



"Mimi nilikuambia kila siku kwa mdomo wangu, hukuniamini," Dorkasi akamwambia. "Mashine imesema mara moja, umeamini. Nenda kaioe."

Akachukua dawa yake, akaingia ndani.