Gundi Haingoji Salamu

Mama alikuwa ameshateleza mara moja kwenye njia ya chemchemi, na goti lake halikurudi sawasawa. Kwa hiyo nilitaka kitu kimoja tu: maji yatoke kwenye tangi la juu, yapite kibanjani kati ya migomba, yaingie jikoni kwake Muleba kabla mvua hazijaanza tena.

Binamu yangu, ndiye fundi wa ukoo, alitaka bomba za chuma zenye nyuzi kama za skrubu, za kukaza kwa spana na tepu nyeupe. Nikakataa. Chuma ni kizito, tena kina kutu. Bomba za kuchomelea kwa pasi nazo zinataka umeme, na umeme wa kwetu una mambo yake. Nikanunua Bukoba bomba za plastiki na kopo la gundi, nikajiona mjanja. Unapaka, unasukuma, unashikilia, basi.

Nilisahau kwamba bomba linapita kando ya njia ya kanisani.

Binamu alipaka gundi kiungio cha kwanza. Akapita mzee. Kwetu humwamkii mkubwa huku umeshika kazi. Unaiweka chini, unainama, unauliza ameamkaje, wa nyumbani wameamkaje, kahawa inaendeleaje. Binamu aliporudi, gundi imekauka. Akasukuma hivyo hivyo. Kiungio cha pili, akaja bibi wa jirani.

"Sukuma kwanza," nilimwambia nikisaga meno.

"Nimpe mgongo mama wa watu? Waitu, ndugu yangu, hii ni plastiki tu."

Kwa hasira nikaenda kusimama njiani, nipokee salamu kwa niaba yake. Watu walinisalimia vizuri, kisha wakauliza yule aliyeinamia bomba mbona haamkii watu, anaumwa?

Tulipofungua maji, viungio viliachia kimoja baada ya kingine, migomba ikanywa yote. Mama alitazama. Akachukua ndoo, akashuka chemchemini kwa goti lile lile. Nilibaki nimeshika kopo tupu, nataka kulia.

Kesho yake nikarudi Bukoba, nikaleta chuma. Binamu alikaza nusu, akaweka spana chini, akasalimia, akarudi kukaza. Nyuzi zilimngoja bila kinyongo.

Jioni maji yalifika. Mama alifungua koki, ndoo ikafika nusu, mtu akaita kutoka njiani. Akafunga koki, akatoka. Nusu ndoo! Nilikuwa nimeshafungua mdomo nilalamike, nikasikia huko nje anaulizwa goti linaendeleaje.

"Leo halikushuka chemchemini," akajibu.