Mama wa Kuhesabu Ndege

Mara ya mwisho kabla ya msiba, mama wa kuhesabu ndege alikuja shambani kwetu asubuhi kama kawaida. Halipwi, anajitolea tu. Hushuka basi Makumira akapanda huku kwa miguu. Alivua kandambili kwenye migomba ili majani makavu yasilie, akawa anakunja kidole kwa kila ndege. Hata shikamoo huitoa kwa kunong'ona. Mke wangu alimtania, "Sema kwa sauti, mama, hondohondo hawako ibadani!" Katika mti wetu mkavu wa mringaringa, hondohondo jike alikuwa amejiziba tunduni kwa udongo, akiatamia, dume akimlisha kwa upenyo mdogo.

Siku mbili baadaye mke wangu akafariki. Zilitakiwa kuni za kupikia waombolezaji. Vijana waliniuliza wakate mti gani, nikasema ule mkavu. Jike nilikuwa nimemsahau. Alifia humo.

Yule mama alipokuja kunipa pole, alikiona kisiki. Sikuweza kumtazama. Dume alikuwa anazunguka juu yetu na tunda mdomoni. Nilingoja mama anigombeze. Aliketi chini, akapapasa nyasi kando yake.

"Kaa hapa, baba," alisema. "Na huyu naye amefiwa. Tukae naye kidogo."