Maji ya Matawi ya Barbara

Yanayosemwa kwenye duka la mikate, kwamba marehemu Gerhold Köhnke alimwaga maji mgodini kwa makusudi ili kazi yake isiishe, ni uongo. Mjane wake Irmtraud, aliyefundisha hesabu kijijini hadi alipostaafu, hakuwahi kuujibu uongo huo barabarani. Aliungoja uje mlangoni.

Ulikuja umevaa tai. Mhandisi Thies, kutoka ofisi ya mjini inayosimamia kufungwa kwa mgodi, alisimama kizingitini na keki ya tufaha mkononi. Ng'ambo ya barabara pazia la Bi Reinhild likatikisika.

"Pita ndani, Mhandisi. Jirani yangu ameshakuona, atosheke."

Gerhold aliingia mgodini kijana, akichimba chumvi. Chumvi ilipoacha kulipa na mapipa ya taka za nyuklia yakashushwa mahali pake, akawa mpimaji wa maji. Kule chini kuta hudondosha, na matone hukusanywa kwenye madimbwi. Maji yakiwa yameshiba chumvi, ni ya zamani, yametoka ndani ya mwamba, hayana neno. Yakiwa matamu, yameingia kutoka juu, nayo hula kuta za chumvi. Baada ya Krismasi ya mwisho ya maisha yake, dimbwi lililo chini ya sanamu ya Mtakatifu Barbara, mlinzi wa wachimbaji, lilikutwa na maji matamu. Kazi ya kujaza mgodi zege ikasimamishwa. Gerhold, mguu uliovunjika haujapona, alitoka kitandani akichechemea, akautafuta ufa ukutani mpaka moyo ulipomsimama.

"Tumegundua yale ni maji ya bomba," alisema Thies, akikata keki asiyoila. "Kuna mtu aliyamwaga. Na mpimaji wa dimbwi lile alikuwa mumeo, Bi Köhnke."

Irmtraud alimtazama. Marehemu hapeleki mtu mahakamani. Bila shaka ofisi ilikuwa imelifikiria hilo kabla ya kununua keki.

"Desemba yote Gerhold alikuwa hospitalini, mguu umening'inizwa juu kama bata buchani. Alimwaga kwa bomba gani, Mhandisi? Lile la mkojo?"

Thies akashikwa na haya. Macho yake yakakimbilia picha ya ukutani: Gerhold kule mgodini na sare yake ya sikukuu, sanamu ya mtakatifu, na chini yake matawi ya mti wa cheri ndani ya ndoo.

"Haya matawi," alisema polepole, "huwa yanawekwa kwenye maji?"

"Tangu siku ya Barbara, mwanzoni mwa Desemba, yachanue kwa Krismasi. Kila mchimbaji anajua. Ninyi wa mjini ndio hamjui."

"Na maji yake baadaye?"

"Gerhold aliyapandisha juu na ndoo yake, kila mwaka."

"Mwaka ule je? Nani aliyafuata matawi?"

Hapo ndipo Irmtraud alipokumbuka. Alikuwa Henning, mtoto wao, naye mpimaji kulekule. Alirudi mkesha wa Krismasi na matawi meupe kwa maua, ndoo tupu, kavu, ikining'inia mkononi. Mama yake akamsifu kwa kutomchafulia sakafu, bila kuuliza maji yalibaki wapi.

Jikoni, Henning aliyekuwa akiosha vikombe alifunga bomba. Je, ndiyo kwanza anatambua, kama mama yake? Au alijua, akamwacha baba yake apapase kuta hadi kufa? Irmtraud hakugeuka kuutazama uso wake. Aliogopa asije akausoma.

"Bi Köhnke? Nani aliyafuata?"

Aliifunga keki katika karatasi yake, kipande kilichokatwa juu ya kingine, akamrudishia.

"Andika kwamba mume wangu hakumwaga maji. Kawaulize hospitalini, watakwambia."

"Hilo nitaandika. Lakini ofisi itataka jina."

"Jina la Köhnke umeshalipata, na ni safi. Mengine sisemi. Si kwako, si kwa Reinhild, wala mbele ya hakimu. Mlango ni uleule ulioingilia."