Nguruwe Niliyempaka Mafuta Machafu

Nilipoona madoa mekundu kwenye mapaja ya nguruwe wangu wadogo, nilijiambia ni upele. Moyo ulijua jambo lingine. Mwaka uliotangulia homa ya nguruwe ilipita mtaani kwetu, hapa Kasongo, ikaacha mabanda matupu, nayo ilianza hivyo hivyo, kwa wekundu kwenye ngozi. Lakini mtu mwoga hujichagulia ugonjwa mdogo, na mimi ni mwoga tangu kuzaliwa.

Kwa upele tuna dawa yetu: mafuta machafu wanayomwaga mafundi wa pikipiki. Niliomba chupa moja, nikawapaka wote wanne kuanzia masikio hadi mkia. Wakawa weusi tititi. Madoa hayakuonekana tena, nami nikapata usingizi.

Kesho yake nilimtuma mmoja Kabambare, kwa dada yangu mkubwa. Jike nililoanza nalo ufugaji alinipa yeye, na kwetu anayepewa jike hurudisha mtoto mmoja wa uzao wa kwanza. Nilikuwa nimechelewa, na dada yangu si mtu wa kucheleweshewa. Ni mjane. Ana nguruwe saba, na husema mwenyewe kwamba hao ndio mume wake. Dereva wa pikipiki alimfunga mtoto wa nguruwe kwenye kikapu, akaondoka.

Siku ya nne, mmoja wa wale watatu waliobaki alikufa. Nilimwita mganga wa mifugo, akampasua mbele yangu na kutoa figo. Zilikuwa zimevimba, zimepauka, zimejaa vitone vyekundu kama ngozi iliyoumwa na viroboto.

"Mama, inaweza kuwa ile magonjwa ya ngozi na figo, ile haimalizake wote," alisema. "Ao iko homa. Bila laboratware kupima damu siwezi kukudanganya. Nguruwe hata moja isitoke hapa."

Nilipiga simu ya dada, haikupatikana. Alfajiri nilipanda pikipiki. Njia nzima, katika matope yale, niliwaona nguruwe saba wamelala chali. Kila tulipovuka kijito nilimwomba Mungu jambo ambalo hata leo linanitia aibu: kwamba kama wamekufa, isijulikane ni kwa sababu yangu.

Walikuwa hai. Yule wangu alikuwa amefungwa peke yake, mbali, nyuma ya jiko. Dada alikuwa amemwosha kwa sabuni mpaka mafuta yakatoka yote, na madoa yalikuwa wazi mapajani, ya zambarau sasa.

"Mudogo yangu," aliniambia kabla sijakaa, "hii madoa uliiona mbele ya kumupaka mafuta?"

"Niliona upele tu, yaya," nilijibu, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu.

"Sawa," alisema, akaenda kunipakulia ugali na sombe, yale majani ya muhogo. Hakuniuliza tena, na hilo lilinitisha kuliko kama angenitukana.

Kwangu walikufa wadogo wote. Mama yao nilimchinja kwa woga. Kwa dada alikufa yule niliyemtuma tu. Banda langu likakaa tupu, na hata nikisikia nguruwe wa jirani akikoroma nilikuwa nashtuka.

Miezi mingi baadaye dereva yule yule alisimama mlangoni kwangu na kikapu. Ndani mlikuwa na jike dogo kutoka kwa dada, jeupe, limeogeshwa mpaka ndani ya masikio, bado linanukia sabuni.

"Yaya wako alisema uliangalie vizuri mbele ya kulipokea," dereva alisema. "Alisema niongoje mpaka umalize."

Nikaligeuza mikononi, tumbo, mapaja, nyuma ya masikio, huku yeye akinitazama. Halikuwa na doa hata moja. Nilishindwa kumtazama usoni.